Shajara ya mradi: kufikisha barua za watumiaji pepe kwa Postfix na Dovecot

Kila ingizo hapa naliandika hatua inapokuwa imekamilika, nikiwa bado nakumbuka kilichonisumbua. Maelekezo ya kusimika seva ya barua pepe yapo tele. Machache ni yale yanayokueleza la kufanya pale seva imesimama vizuri, kila huduma inasema iko hai, na barua bado haifiki. Kwa hiyo usimikaji nitaupita haraka, na matatizo nitayapa nafasi yake. Majina ya vikoa (sehemu ya anwani iliyo baada ya @) nimeyabadilisha kuwa mfano.example na ushirika.example.

## Machi 1: msingi

Lengo ni seva moja, vikoa viwili, masanduku 14 ya barua, na asiwepo mwenye sanduku hata mmoja aliye na akaunti ya Linux. Hao ndio watumiaji pepe: wamo kwenye jedwali la hifadhidata, hawamo kwenye /etc/passwd. Faili zao zote zinamilikiwa na mtumiaji mmoja wa mfumo, vmail, chini ya /var/vmail/kikoa/jina.

Natumia Debian 12, Postfix 3.7 (inayopokea na kusafirisha barua), Dovecot 2.3 (inayozihifadhi na kumpa mwenyewe azisome) na hifadhidata ya MariaDB. Rekodi za DNS, cheti cha TLS na ukuta wa moto vilichukua siku moja bila kisa. Dovecot inasoma MariaDB tangu siku ya kwanza. Postfix nimeianzisha na majedwali ya faili za kawaida, yenye anwani mbili tu za majaribio, katibu@mfano.example na katibu@ushirika.example, na nitaihamishia MariaDB baadaye:

```
virtual_mailbox_domains = mfano.example, ushirika.example
virtual_mailbox_maps    = hash:/etc/postfix/masanduku
virtual_alias_maps      = hash:/etc/postfix/lakabu
virtual_transport       = lmtp:unix:private/dovecot-lmtp
```

Njia ya barua niliichora kwenye karatasi, na karatasi hiyo imenifaa kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu. Mchakato wa smtpd unapokea barua kwenye mlango wa 25 na kuuliza: mpokeaji huyu yupo? Akiwepo, cleanup inabadilisha lakabu (anwani inayoelekeza kwenye anwani nyingine) kuwa anwani halisi, barua inaingia kwenye foleni, qmgr, msimamizi wa foleni, inaichukua, kisha wakala wa lmtp (LMTP ni itifaki ya kukabidhi barua kwa programu inayozihifadhi) anaikabidhi kwa Dovecot kupitia soketi, faili maalumu ambalo programu mbili huzungumza kupitia kwake. Hapo Dovecot nayo inauliza upya: mpokeaji huyu yupo, na nyumbani kwake ni wapi? Swali ni lile lile, linaulizwa na programu mbili zisizojuana, kila moja ikiwa na orodha yake. Karibu kila kosa lililoandikwa hapa chini limetokana na majibu yao kutofautiana.

## Machi 2: kikoa kimoja kimesajiliwa mara mbili

Barua ya kwanza ya majaribio kwenda katibu@ushirika.example iliingia foleni. Ile ya katibu@mfano.example ilikataliwa mlangoni:

```
550 5.1.1 <katibu@mfano.example>: Recipient address rejected:
User unknown in local recipient table
```

Nilifungua faili la masanduku: jina limo. Nikaendesha upya postmap, amri inayogeuza faili hilo kuwa faili la .db ambalo Postfix husoma, nikidhani hilo la .db ndilo lililopitwa na wakati. Hapana. Nikalifuta jina na kuliandika tena, labda kuna herufi iliyojificha. Hapana. Saa nzima ikapita nikikagua jedwali ambalo Postfix haikuwa imeligusa kabisa.

Jibu lilikuwa ndani ya ujumbe wenyewe. Haukusema jina halimo kwenye jedwali la masanduku pepe. Ulisema halimo kwenye jedwali la wapokeaji wa *ndani*, yaani wenye akaunti za Linux. Postfix huliweka kila jina la kikoa katika kundi: la ndani, la lakabu pepe, la masanduku pepe, la kupitishia, au la kwenda nje. Kikoa kimoja, kundi moja. Wakati wa usimikaji Debian iliniuliza jina la barua la mfumo, nikajibu mfano.example, nayo ikaliingiza kwenye mydestination, orodha ya vikoa vya ndani. Kikoa kikawa cha ndani kabla sijakitangaza kuwa pepe, na kundi la ndani ndilo lililoshinda.

Onyo lilikuwepo kwenye logi tangu asubuhi, mistari michache tu juu ya kosa nililokuwa nalitazama:

```
warning: do not list domain mfano.example in BOTH
mydestination and virtual_mailbox_domains
```

Tiba ni mstari mmoja:

```
mydestination = $myhostname, localhost.localdomain, localhost
```

Hakikisha tu $myhostname si jina lile lile la kikoa pepe. Yangu ni mail.mfano.example, kwa hiyo haigongani.

Gharama: saa moja na nusu, na jambo linaloniuma zaidi, barua moja ya kweli. Nilikuwa nimekwisha kuhamisha rekodi ya MX ya mfano.example (inayotaja seva inayopokea barua za kikoa) kabla ya kupima lolote, na mtu wa nje akaandika katika saa hiyo hiyo. Alirudishiwa 550, ambayo kwa seva yake ina maana moja tu: huyo mtu hayupo, acha kujaribu. Nilimpigia simu kumwomba aitume tena. Baada ya hapo ndipo nilipoongeza mstari uliopaswa kuwa wa kwanza kabisa katika main.cf, faili kuu la mipangilio ya Postfix:

```
soft_bounce = yes
```

Kigezo hiki kinageuza kila katao la kudumu kuwa la muda. Majibu ya 5xx yanakuwa 4xx, na seva ya mtumaji inaihifadhi barua ijaribu tena baadaye. RFC 5321, hati ya kiwango cha SMTP, inashauri seva isikate tamaa kabla ya siku 4 hadi 5, na Postfix yenyewe huishikilia barua siku 5. Makosa yote yaliyofuata katika shajara hii yalitokea chini ya kinga hii. Ukifuata njia yangu, anza nayo.

## Machi 2, usiku: soketi haipo

Anwani zote mbili sasa zinapokelewa, lakini barua zimelala foleni. Logi inasema private/dovecot-lmtp: No such file or directory.

Mambo mawili yalikosekana. Kwanza, kwenye Debian huduma ya LMTP ya Dovecot ni kifurushi cha peke yake, dovecot-lmtpd, nami nilikuwa nimesimika dovecot-imapd tu. Pili, soketi lazima izaliwe ndani ya saraka ya Postfix, kwa sababu wakala wa lmtp amefungiwa humo na haoni nje:

```
service lmtp {
  unix_listener /var/spool/postfix/private/dovecot-lmtp {
    mode = 0600
    user = postfix
    group = postfix
  }
}
```

Nusu saa. Ningemaliza mapema zaidi kama nisingepotea kwenye virtual_mailbox_base, virtual_uid_maps na virtual_gid_maps, ambavyo maelekezo mengi huvitaja kana kwamba ni vya lazima. Vigezo hivyo ni vya wakala wa Postfix aitwaye virtual, anayeandika barua kwenye diski mwenyewe. Ukiikabidhi Dovecot kazi hiyo kwa LMTP havina athari yoyote. Nimevifuta, maana mstari usiofanya kazi unampotosha atakayekuja kusoma.

## Machi 4 na 5: barua imefika, lakini kwa nani?

Hapa ndipo nilipofanya kosa baya kuliko yote, na nalieleza kwa urefu ili lisirudiwe.

Soketi ilipofunguka, Dovecot ikajibu kwa sauti yake:

```
550 5.1.1 <katibu@mfano.example> User doesn't exist
```

Angalia tofauti na lile la Machi 2. Lile lilitoka kwa Postfix mlangoni, hili linatoka kwa Dovecot mwisho wa safari, na logi ya Postfix inalinukuu baada ya maneno "said:". Nilijua basi kwamba ni orodha ya pili inayokana. Hoja yangu ya SQL (swali kwa hifadhidata) kwa Dovecot ilikuwa hii, ambamo %u ni jina zima, %n ni sehemu ya kabla ya @ na %d ni kikoa:

```
user_query = SELECT 5000 AS uid, 5000 AS gid, \
  '/var/vmail/%d/%n' AS home \
  FROM masanduku WHERE anwani = '%u'
```

Niliiendesha mwenyewe ndani ya MariaDB, nikiweka katibu@mfano.example mahali pa %u. Ilileta safu moja, sahihi kabisa. Ilikuwa usiku wa manane, nimechoka, na badala ya kuuliza Dovecot inaweka nini mahali pa %u, nikatafuta njia ya kuinyamazisha. Nikaondoa userdb ya SQL (sehemu inayoieleza Dovecot mtumiaji ni nani na nyumbani kwake ni wapi) na kuweka hii:

```
userdb {
  driver = static
  args = uid=vmail gid=vmail home=/var/vmail/%d/%n allow_all_users=yes
}
```

Neno allow_all_users linaiambia Dovecot isiulize tena kama mtu yupo, ikubali kila jina. Logi ikaanza kuandika status=sent na Saved, barua baada ya barua. Foleni ikaisha. Nikaenda kulala nikiamini kazi imekwisha.

Asubuhi nilifungua programu ya barua kama katibu wa mfano.example. Nywila ikakataliwa. Nikajaribu kwenye terminali:

```
doveadm auth test katibu@mfano.example
```

Ikakataa vilevile. Hili lilinisaidia kuliko nilivyotambua mwanzoni, kwa sababu amri hii haipiti Postfix kabisa. Tatizo lilikuwa ndani ya Dovecot, na lilihusu kuingia pamoja na kupokea barua, basi chanzo lazima kiwe kitu kinachoshirikiwa na vyote viwili. Nikawasha auth_debug = yes, nikajaribu tena, nikaona mwanzo wa mstari wa logi: sql(katibu). Sio sql(katibu@mfano.example). Kikoa kilikuwa kimekatwa kabla hoja haijafika kwenye hifadhidata.

Mkosaji alikuwa mstari huu, ambao nilikuwa nimeunakili kutoka kwenye mipangilio ya seva yangu ya zamani:

```
auth_username_format = %n
```

Kwenye seva ile watumiaji wote walikuwa wa Linux, na kukata kikoa kulikuwa sahihi: akaunti ya Linux haina @. Kwa watumiaji pepe anwani nzima ndiyo jina. Chaguomsingi cha Dovecot 2.3 ni %Lu, yaani jina zima kwa herufi ndogo. Nilifuta mstari wangu, nikarudisha userdb ya SQL, nikaondoa allow_all_users. Kuingia kukakubali mara moja.

Sanduku lilikuwa tupu.

Logi ilidai barua 11 zimehifadhiwa usiku. Nilizitafuta:

```
find /var/vmail -type f -path '*/new/*' -mtime -1
```

Zilikuwa zote 11 chini ya /var/vmail/katibu/Maildir/new. Kikoa kilipokatwa, %d ikawa haina kitu, na /var/vmail/%d/katibu ikawa /var/vmail/katibu. Vikoa viwili, makatibu wawili wasiofahamiana, sanduku moja. Kama nywila ingekubali usiku ule, mmoja angesoma barua za mwenzake, na logi ingeendelea kuandika status=sent bila dalili yoyote ya ubaya. Bahati tu ndiyo iliyozuia, kwa kuwa kosa lililochanganya barua ndilo hilo hilo lililofunga mlango wa kuingia.

Kuzitenganisha kuliwezekana kwa sababu LMTP ya Dovecot huandika kichwa cha Delivered-To chenye anwani nzima aliyotajiwa, hata kama baadaye imeikata:

```
cd /var/vmail/katibu/Maildir/new
grep -l '^Delivered-To:.*katibu@ushirika\.example' *
```

Zikatoka 4 za ushirika.example na 7 za mfano.example. Muundo wa Maildir unarahisisha kazi kama hii. Kila barua ni faili lake, inaandikwa kwanza kwenye tmp, kisha inahamishiwa new, na ikishaonwa inaenda cur. Kuhamisha faili kutoka new ya sanduku moja hadi new ya jingine kwenye diski ile ile kwa mv ni salama, na Dovecot inalitambua lenyewe. Niliwaeleza makatibu wote wawili kilichotokea na kwamba barua zao ziliwekwa mahali pamoja kwa saa kadhaa. Walikuwa na haki ya kujua.

Kuna kosa dogo lililozaliwa na tiba hii. Saraka za katibu wa ushirika.example nilizitengeneza kwa mkono nikiwa root (mtumiaji mkuu wa mfumo), kwa kuwa alikuwa hajaingia hata mara moja. Barua yake iliyofuata ikakwama foleni kwa Permission denied. Dovecot ni msema kweli katika hili, inataja mtumiaji inayemtumia, saraka yenyewe, na ruhusa inayopungua:

```
euid=5000(vmail) egid=5000(vmail) missing +w perm:
/var/vmail/ushirika.example/katibu/Maildir
```

chown -R vmail:vmail juu ya /var/vmail, kisha postqueue -f ili foleni ijaribiwe upya, ikafika. Na kwa anayeanza upya: mtengeneze vmail kwa uid (namba ya mtumiaji) na gid (namba ya kundi) 5000 kwa makusudi. Mimi mwanzoni nilimtengeneza kwa adduser --system, akapewa uid ya chini ya 500, nayo Dovecot humkataa kila aliye chini ya first_valid_uid, ambayo chaguomsingi yake ni 500. Ilinibidi nibadilishe uid na kumiliki upya faili zote.

Gharama ya siku hizi mbili: saa saba, na imani ya watu wawili ambayo nilibahatika kubaki nayo. Tangu hapo sigusi allow_all_users. Kabla ya kuamini status=sent yoyote naendesha amri hii kwanza:

```
doveadm user katibu@mfano.example
```

Inaonyesha uid, gid na home kama Dovecot inavyoviona yenyewe. Ikiwa home haina jina la kikoa, simama hapo.

## Machi 9: majedwali ya Postfix yanahamia MariaDB

Masanduku yaliyobaki 12 nimeyaingiza kwenye hifadhidata, na sasa Postfix isome humo humo badala ya faili. Hoja za SQL ni fupi. Ya masanduku ni SELECT 1 FROM masanduku WHERE anwani='%s', kwani tunapotumia LMTP Postfix haijali jibu ni nini, inataka tu kujua kama lipo. Nilipima kila jedwali:

```
postmap -q katibu@mfano.example mysql:/etc/postfix/sql/masanduku.cf
1
```

Majibu yote sahihi. Nikabadilisha main.cf, nikapakia upya, na barua zote kutoka nje zikaanza kupewa 451 4.3.0 Temporary lookup failure.

Nilishuku nywila ya hifadhidata, nikaibadilisha. Nikashuku hoja, nikaziandika upya. Nikashuku ruhusa za faili za .cf. Kila baada ya badiliko niliendesha postmap -q, ikajibu 1, na kila mara smtpd ikashindwa. Saa tatu.

Kilichonifumbua macho ni kujiuliza nani hasa anauliza. Nilikuwa naendesha postmap nikiwa root, kwenye terminali, nikiona mfumo mzima. Lakini smtpd ya Debian imefungiwa ndani ya /var/spool/postfix kwa chroot, na kwake hiyo saraka ndiyo dunia yote. Faili langu la .cf lilisema hosts = localhost, na kwa maktaba ya MariaDB neno localhost halimaanishi mtandao, linamaanisha soketi iliyoko /run/mysqld. Hiyo njia haipo ndani ya kifungo. Swali ni lile lile, muulizaji ni mwingine, na jibu likawa jingine.

Tiba ziko mbili, nami nimetumia zote. Ya kwanza, hosts = 127.0.0.1, ambayo inapita kwenye TCP na haihitaji faili la soketi. Nilimpa mtumiaji wa hifadhidata ruhusa ya kuingia kutoka anwani hiyo pia. Ya pili, neno proxy mbele ya kila jedwali:

```
virtual_mailbox_domains = proxy:mysql:/etc/postfix/sql/vikoa.cf
virtual_mailbox_maps    = proxy:mysql:/etc/postfix/sql/masanduku.cf
virtual_alias_maps      = proxy:mysql:/etc/postfix/sql/lakabu.cf
```

Mchakato wa proxymap hauko ndani ya chroot. Wengine wanauliza kupitia kwake, na faida ya ziada ni kwamba miunganisho ya hifadhidata inakuwa michache badala ya kila smtpd kufungua wake. Faili za .cf zina nywila ndani, kwa hiyo ziwe za root, kundi postfix, ruhusa 640.

Wapo wanaoshauri kuondoa chroot kabisa katika mipangilio ya michakato ya Postfix. Inafanya kazi, lakini smtpd ndiyo inayozungumza na dunia nzima, nami sioni sababu ya kuivua kinga kwa tatizo lenye tiba nyepesi namna hii.

Jumla, saa tatu na nusu. Barua zilizopotea: hakuna. Zote zilikuwa 4xx, zikarudi zenyewe ndani ya saa chache.

## Machi 15: lakabu iliyomeza kila mtu

Watu kadhaa huandika kwetu kwa anwani zenye makosa ya tahajia, nikaombwa barua za namna hiyo zisipotee. Nikaongeza lakabu ya kukamata zote kwenye jedwali:

```
@mfano.example    msimamizi@mfano.example
```

Kufikia mchana wenye masanduku ya mfano.example wanauliza mbona kimya. Sanduku la msimamizi limejaa barua zao zote.

Logi ilieleza waziwazi, ukijua pa kutazama:

```
to=<msimamizi@mfano.example>, orig_to=<katibu@mfano.example>
```

Nilikuwa nadhani lakabu ya @kikoa ni ya mwisho, ya wale tu wasio na sanduku. Sivyo. Lakabu zinafanyiwa kazi na cleanup, nayo haiangalii kama sanduku lipo. Postfix inatafuta anwani kamili kwanza katika majedwali yote ya lakabu. Isipoiona humo, inatafuta @kikoa. Katibu ana sanduku lakini hana lakabu, basi @mfano.example ikamchukua.

Tiba inaonekana ya ajabu hadi uione mantiki yake: kila mwenye sanduku apewe lakabu inayoelekea kwake mwenyewe. Ongeza jedwali la pili:

```
query = SELECT anwani FROM masanduku WHERE anwani='%s'
```

na kulitaja katika virtual_alias_maps pamoja na lile la kwanza. Sasa anwani kamili ya katibu inapatikana, inajielekeza kwake, na utafutaji unaishia hapo. Anwani zenye nyongeza, kama katibu+risiti@mfano.example, zilifanya kazi mara ya kwanza bila kuguswa, kwani Postfix ikikosa anwani nzima hujaribu bila sehemu ya baada ya alama ya kujumlisha, na Dovecot hufanya vivyo hivyo.

Barua 23 zilizoingia kwa msimamizi nilizirudisha kwa wenyewe kwa njia ya mv, lakini hapa Delivered-To haikusaidia, maana Dovecot ilitajiwa msimamizi. Nilitumia X-Original-To, ambayo wakala wa lmtp wa Postfix huiongeza pale kigezo flags cha wakala huyo katika master.cf, faili linaloorodhesha michakato ya Postfix, kina herufi O, nami kwa bahati nilikuwa nimeiweka. Asiyeiweka atabaki na logi ya orig_to peke yake, akilinganisha barua moja moja.

Wiki moja baadaye nimeiondoa ile lakabu ya kukamata zote. Barua za tahajia mbovu zilikuwa 2, barua taka za majina ya kubuni zilikuwa mamia. Badala yake nimeandika lakabu nane za makosa yanayojulikana. Jedwali la kujielekeza nimeliacha, halidhuru.

Saa mbili, pamoja na kuzirudisha zile 23.

## Machi 22: kuondoa kinga

Wiki nzima bila katao lisiloelezeka. Kabla ya kuzima soft_bounce nilirudia majaribio yote kutoka mashine ya nje, si kutoka kwenye seva yenyewe. Ukituma kutoka 127.0.0.1 umo ndani ya mynetworks, orodha ya anwani zinazoaminiwa, na vizuizi vingi vya mlangoni vinakuruhusu upite, kwa hiyo jaribio la ndani halikuonyeshi anachokutana nacho mgeni. Nilipima anwani zote 14, lakabu zote, moja yenye nyongeza, moja yenye herufi kubwa, na tatu zisizokuwepo. Hizo tatu zilipewa 450 zikiwa chini ya kinga. Baada ya kuandika soft_bounce = no na kupakia upya zikapewa 550 User unknown in virtual mailbox table. Safari hii ni jedwali sahihi.

Kisha kwa kila sanduku:

```
mysql -N -e 'SELECT anwani FROM barua.masanduku' |
while read a; do doveadm user -f home "$a"; done | sort | uniq -d
```

Amri hii inaorodhesha nyumba zote kama Dovecot inavyoziona na kuchapisha tu zile zinazojirudia. Haikuchapisha kitu. Nimeiweka iendeshwe kila usiku, na ikichapisha chochote nipate taarifa kwenye simu, si kwa barua.

Jumla ya saa zilizoingia kwenye makosa ni 14 na nusu, nje ya usimikaji. Kilichobaki ni Sieve, ili kila mtu apange barua zake kwenye folda, na DKIM, saini ya kidijitali ya barua zinazotoka, kwa kikoa cha ushirika.example. Hayo yatapata maingizo yao yakikamilika.

Foleni, saa mbili usiku:

```
# postqueue -p
Mail queue is empty
```